Mtoto wa Kuagizia



Gauni moja jeupe limening'inia kwenye banda letu la ushonaji tangu Mfungo Tatu. Limeshonwa likamalizika, shanga zimetiwa kwa mkono, pesa zote zimelipwa, na mwenyewe hajaja kulichukua. Wiki tatu kabla ya nikaha, bwana harusi na biharusi walikwenda kupima damu. Wote wawili wakatoka AS. Yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya siko seli, ugonjwa ambao madaktari wetu wanauita selimundu. Upande wa mwanamume ukaomba mambo yasimame kwanza. Upande wa mwanamke ukaona umefedheheshwa. Mpaka leo hakuna aliyesema ndoa imevunjika, na hakuna aliyesema ipo.

Hatutaji jina la mtu, na mambo mengine madogo tumeyageuza, kwani kisiwa chenyewe ndiyo hiki tunachokijua.

Pale bandani tuko wanne. Siku habari ilipotufikia tulisema sana, kama kawaida yetu, vidole vinashona na midomo nayo inashona. Mmoja akatoa simu akatuonyesha video kutoka Marekani. Mtu anaeleza kwamba siku hizi mume na mke wanaweza kutengenezewa viinitete kadhaa hospitali, vikapimwa kimoja kimoja vikiwa bado ni chembe chache tu, kisha wao wakachagua kipi kitiwe tumboni. Tena si kwa ajili ya maradhi peke yake. Zipo kampuni kule zinazouza makadirio ya urefu wa mtoto na akili yake. Na wapo wanaosema hatua inayofuata si kuchagua, ni kuhariri: kufuta jeni na kuziandika upya, mpaka kila mtu awe mzima, mwerevu na mpole, na dunia iwe pepo ndogo isiyo na mgonjwa, mjinga wala mhalifu.

Tulicheka, tukapanga watoto wetu. Huyu anataka pua ya aina hii, yule anataka mtoto asiyelia usiku. Ndipo mmoja wetu, na tunakiri kuwa ndiye anayeandika haya, akarudi kwenye habari ya biharusi wetu akasema: "Lakini afadhali wameachana mapema, kuliko kuzaa mtoto wa kuteseka."

Mwenzetu anayetia vifungo hakujibu. Alimaliza tundu la kifungo alilokuwa nalo, akakata uzi kwa meno, akasema: "Wangu ni SS. Ana miaka kumi na moja na juzuu tatu kifuani. Nambieni, yupi katika nyinyi angenishauri nisimzae?"

Miaka minne tunafanya kazi naye, na tulikuwa hatujui. Tulijua mwanawe "anaumwaumwa". Tulijua siku asizokuja, na wallahi siku hizo tulimsema. Makala haya ni deni letu kwake. Ameyasoma kabla hayajatoka, na palipokuwa na chumvi nyingi amepunguza.

Kwanza tuseme ugonjwa wenyewe, kwa sababu tumegundua kwamba wengi tunautaja bila kuujua. Chembe nyekundu za damu zinatakiwa ziwe laini na za mviringo zipite kwenye mishipa midogo. Kwa mwenye SS hujikunja mfano wa mundu wa kukatia majani, ndiyo maana ya jina selimundu, zikakwama njiani. Hapo ndipo yanapokuja maumivu ambayo mwenzetu anasema mtoto hataki hata shuka imguse. AS wawili wakioana, katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS, mbili kati ya nne za kupata AS kama wazee wake, na moja ya AA. Katika kila mimba, tunarudia, si kwa zamu. Tumewasikia watu wazima wakisema "wa kwanza keshakuwa SS, basi watatu wanaofuata salama." Sivyo. Kila mimba ni bahati nasibu yake peke yake.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa aina hii duniani. Hesabu inayotajwa ni kiasi cha watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka. Kwa hiyo hii si habari ya Wazungu na video zao. Ni habari ya barazani kwetu.

Sasa tuje kwenye huo mkasi. Mwaka 2020 wanawake wawili, Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa na Jennifer Doudna wa Marekani, walipata tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuvumbua chombo kinachoitwa CRISPR, ambacho hukata DNA pale pale mtu anapotaka kukata. Watu wengi wanakiita mkasi wa vinasaba. Sisi tunaoishi na mkasi mkononi tulifahamu mara moja: kitambaa kikishakatwa hakirudi, na anayekata ni mkono, si chuma.

Mkasi huo umeshafanya jambo ambalo hatuna la kusema ila alhamdulillahi. Mwezi Julai mwaka 2019, mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, aliyeteseka na selimundu tangu utotoni, alitibiwa kwa njia hii katika mji wa Nashville. Madaktari walichukua chembe mama za damu yake, wakazihariri ili mwili wake uanze tena kutengeneza himoglobini ya mtoto mchanga, ile ambayo sote tunazaliwa nayo kisha mwili huizima, wakamrudishia. Yale maumivu yaliyokuwa yakimlaza hospitali yakaondoka. Novemba 2023 Uingereza ikaipitisha tiba hiyo, Disemba ikafuata Marekani, na mwezi huo huo Bahrain, kisha Saudia mwanzoni mwa 2024. Bahrain na Saudia wana selimundu nyingi kama sisi, na siko pekee kunakopatikana. Tunazitaja kwa sababu nyumba nyingi za hapa zina ndugu upande ule.

Si tiba nyepesi. Kabla ya kurudishiwa chembe zake mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wote wa zamani, na dawa hizo zinaweza kumfungia kizazi. Na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi bilioni tano. Tulijaribu kuhesabu ni mabuibui mangapi, tukaacha.

Tulimuuliza mwenzetu kama angekubali mwanawe afanyiwe. Alijibu kabla swali halijesha: "Leo hii."

Tulidhani anajipinga. Huyu huyu aliyetuuliza nani angemzuia asizae ndiye anayesema leo hii wamhariri mwanangu. Imetuchukua wiki kadhaa kuona kwamba majibu yake mawili ni jibu moja. Yeye anataka maradhi yaondoke na mtoto abaki. Wale wa pepo ya duniani wanataka mtoto wa namna ile asiwepo, aje mwingine badala yake. Tunasikia neno moja, "kuondoa ugonjwa", na hatutambui kwamba ndani yake mna mambo mawili.

Wanazuoni wetu wamelitazama hili zamani kuliko tunavyodhani. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha mwaka 1998, lilikubali uhandisi wa jeni kwa ajili ya kuzuia maradhi, kutibu au kupunguza madhara yake, kwa sharti usilete madhara makubwa zaidi. Na likakataza kuzichezea jeni za mtu kwa madai ya kuboresha kizazi cha binadamu. Sisi si wanazuoni, tulichosoma ni chuoni na kidato cha nne, na mwenye swali lake ampelekee sheikh wake. Lakini mpaka huo tumeufahamu. Kutafuta dawa tumeamrishwa. Kubadilisha maumbile kwa ajili ya kubadilisha tu, Surat An-Nisaa inatueleza ni ahadi ya nani, naye si rafiki yetu.

Shida ni kwamba mpaka wenyewe hauna ukuta. Mtu anaweza kuanzia upande wa tiba akajikuta ng'ambo. Novemba 2018, mwanasayansi wa China aitwaye He Jiankui alitangaza kwamba amehariri viinitete na wamezaliwa mapacha wa kike, akawaita Lulu na Nana. Baba yao anaishi na virusi vya ukimwi, na yeye alisema anataka kuwakinga kwa kuikata jeni moja inayoitwa CCR5. Dunia nzima ilimjia juu, wanasayansi wenzake wa mbele, na Disemba 2019 mahakama ya China ikamhukumu miaka mitatu jela.

Sisi wanawake wa huku tuliposoma kisa hicho tulijiuliza swali la kawaida kabisa: kwani ilikuwa lazima? Kina mama wanaoishi na virusi wanazaa watoto wazima kila siku hapa hapa, kwa dawa na kliniki. Na baba mwenye virusi zipo njia za kumsaidia apate mtoto asiye navyo bila kugusa jeni ya mtu. Tena jeni hiyo waliyoikata si takataka. Watu wasiokuwa nayo huwa hatarini zaidi wakipata maradhi ya virusi vya West Nile. Kwa hiyo aliwafungia watoto dirisha moja na kuwafungulia jengine, bila wao kuulizwa, na wakizaa watarithisha. Tofauti yao na mama wa Mississippi ni kubwa. Yule ni mtu mzima, alielezwa, akatia saini, na kilichobadilishwa kinaishia kwake. Wale mapacha kimebadilishwa kitu kitakachoingia kwa wajukuu wa wajukuu.

Hili la jeni "mbovu" limetusumbua zaidi tulipojua historia ya hii jeni yetu ya siko seli. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949, akaona jambo la ajabu: wenye AS ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno kwenye milima ya baridi. Mwaka 1954 akachapisha sababu. Pwani na ziwani kuna malaria. Mwenye AS akiumwa malaria haimuui kirahisi kama inavyomuua mwenye AA. Ile jeni tunayoiona ni aibu, mpaka harusi inasimama kwa sababu yake, ndiyo iliyowavusha mabibi zetu utotoni, zama hakuna chandarua wala dawa mseto. Tupo hapa kwa sababu wapo watu katika ukoo wetu waliokuwa AS.

Hebu fikirini basi kama miaka elfu iliyopita pangekuwa na hao mafundi wa binadamu kamili. Wangetazama damu yetu wakaona mundu, wakasema hii tuikate. Wangekata, na mbu wangemaliza waliobaki.

Leo malaria hapa Zanzibar imeshuka mpaka chini ya asilimia moja, alhamdulillahi, na imeshuka kwa vyandarua, kupulizia majumba dawa, na wale vijana wanaokuja kumfuata mgonjwa mpaka nyumbani. Hakuna jeni ya mtu iliyoguswa. Hatusemi kwa hiyo siko seli ibaki iendelee kututesa. Kazi yake imekwisha na mateso yake yapo. Tunasema anayeahidi kujua kipi katika mwili wa binadamu ni kasoro milele, huyo ajiangalie.

Sasa swali ambalo kwenye ile video halikuulizwa: hiyo jamii kamili, nani atachora ramani yake?

Hatuhitaji kubuni. Walishajaribu, bila mkasi wa vinasaba. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi msichana mmoja, Carrie Buck, kwa hoja kwamba yeye, mama yake na mtoto wake wote ni wapungufu wa akili. Carrie alikuwa amebakwa na jamaa wa familia iliyomlea, na kupelekwa kwake kwenye jengo la wagonjwa kulisitiri aibu ya familia ile. Yule mtoto "mpungufu", Vivian, alikwenda skuli na akawahi kuwekwa kwenye orodha ya wanafunzi bora, kabla ya kufariki akiwa na miaka minane. Watu zaidi ya 60,000 walifungwa vizazi nchini Marekani kwa sheria za aina hiyo. Wajerumani wa Hitler wakatunga ya kwao mwaka 1933, na sote tunajua walifika wapi.

Lakini mfano uliotuingia ni wa kisiwa, na si wa zamani hivyo. Singapore, mwaka 1983, waziri mkuu wao Lee Kuan Yew alilalamika hadharani kwamba wanawake waliosoma chuo kikuu hawaolewi wala hawazai vya kutosha, na wasiosoma wanazaa sana, na taifa litapungukiwa akili. Mwaka uliofuata watoto wa mama wenye digrii wakapewa nafasi ya mbele kuandikishwa skuli. Na mwanamke wa kipato kidogo aliye chini ya miaka 30, ambaye hana hata somo moja alilofaulu kwenye mtihani wao wa kidato cha nne, akaahidiwa dola 10,000 za kule kama atafunga kizazi baada ya mtoto wa kwanza au wa pili. Ule mpango wa mama wenye digrii uliwakera hata wenye digrii wenyewe, na mwaka 1985 ukafutwa.

Tuliposoma hayo tuliangaliana. Katika sisi wanne, mmoja alifaulu masomo mawili tu, mmoja hakufaulu hata moja, mmoja hakufika kidato cha nne. Sisi tuliomaliza tukaenda kozi ya ushoni kwa sababu matokeo hayakutupeleka kwengine. Kumbe kwenye mchoro wa jamii bora ya mtu mwenye akili nyingi sana, sisi ndio tuliotakiwa tulipwe tuondoke. Na yule aliyekosa yote ndiye tunayempa mahesabu ya banda, kwani hajakosea hata shilingi.

Ndiyo maana tunapoambiwa safari hii haitakuwa serikali, itakuwa hiari ya wazazi, kila mtu na chaguo lake, hatupoi. Hiari ya wazazi tunaijua. Kaeni kwenye banda la kushonea nguo za harusi mwaka mmoja mtaijua pia. Ipo hiari ya mama mkwe anayeuliza rangi ya biharusi kabla ya kuuliza swala yake. Ipo hiari ya msichana anayejipaka mkorogo miezi mitatu kabla ya harusi mpaka tunaogopa kumpima shingo, ngozi imekuwa kama karatasi. Leo duka likifunguliwa Darajani linalouza weupe tangu tumboni, foleni itafika Mkunazini. India walipopata mashine ya kuona jinsia ya mtoto tumboni, watu walichagua kwa hiari zao, na waliochaguliwa wasizaliwe ni wasichana, mpaka serikali ikatunga sheria mwaka 1994 kukataza. Mungu katuambia katika Surat Ash-Shuuraa kwamba Yeye ndiye anayempa amtakaye wa kike, amtakaye wa kiume, na amtakaye humwacha bila mtoto. Wengi wetu tunaikubali aya hiyo mpaka tutakapopewa kitufe cha kubonyeza.

Na pia tunajua nani hatakuwa na kitufe. Bilioni tano kwa kutibiwa mtoto mmoja. Mwenye nacho atazaa watoto waliopigwa pasi tangu kwenye chembe, sisi tutazaa hivi hivi, na baada ya vizazi viwili vitatu wao wataanza kuamini kwamba umasikini wetu umo damuni. Binadamu kashawahi kuambiwa hivyo kwenye visiwa hivi, na soko lake lilikuwa pale pale Mkunazini.

Mtu atatuuliza: basi mnataka nini, watoto waendelee kulia kwa maumivu ili nyinyi mtoe hoja? Swali hili tumelipokea kutoka kwa mume wa mmoja wetu, tena kwa sauti ya juu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo jibu tulimwachia mwenzetu. Anataka mtoto mchanga apimwe siko seli mapema, si mpaka avimbe vidole na mama azungushwe hospitali tatu kama alivyozungushwa yeye, na siku moja aambiwe na mhudumu kwamba mtoto "ana shetani". Anataka dawa ya hydroxyurea, ambayo inapunguza maumivu na si ya bilioni tano, iwe haikatiki dukani. Anataka damu iwepo benki. Anataka mwalimu wa skuli ajue kwamba mtoto huyu lazima anywe maji mengi na aruhusiwe kwenda choo, asichapwe kwa hilo. Na hiyo tiba ya mkasi, anataka ifike huku kwa bei ya mtu wa huku. Katika orodha yake hakuna mtoto kamili.

Tunabaki na suala la kupima kabla ya ndoa, maana ndilo lililoleta yote haya. Saudia wanapima kwa lazima tangu 2004, na majibu yakitoka mabaya watu hushauriwa. Hawazuiliwi kuoana wakitaka. Kuprosi, kisiwa kama sisi, kilielemewa na thalasimia, ugonjwa mwengine wa damu wa kurithi, mpaka kanisa lao katika miaka ya 1980 likawa linataka cheti cha kipimo kabla ya kufungisha ndoa. Watoto wenye ugonjwa ule walipungua mpaka karibu kwisha. Lakini wachumba hawakuachana kwa wingi kama watu walivyotaraji. Walioana, kisha wakapima mimba, na nyingi zilizokuwa na ugonjwa zikatolewa. Sisi hilo la kutoa mimba hatulibebi mabegani mwetu, lina wenyewe wa kulizungumza. Tunalitaja ili anayesema "pimeni tu, mambo yatakuwa mazuri" ajue kwamba kipimo hakimalizi jambo, kinalianzisha.

Hata hivyo tunaunga mkono kupima, na tunaunga mkono kwa nguvu. Kinachotuuma ni wakati na namna. Msipime wiki tatu kabla ya nikaha, kadi zimeshagaiwa na mchele umeshanunuliwa. Pimeni kabla ya posa, au tuseme ukweli, wapimeni vijana wakimaliza skuli, mtu akue akijua damu yake kama anavyojua jina la babu yake. Majibu wapewe wawili wenyewe kwanza, mlango umefungwa, na mtu wa kuwaeleza ile hesabu ya moja kati ya nne. Hapa kwetu majibu yalifunguliwa sebuleni mbele ya shangazi na mawifi, na jioni yake mtaa mzima unajua. Msichana huyo sasa anaitwa "yule mwenye damu mbaya". Mvulana, ambaye damu yake ni ile ile, haitwi chochote.

Wakiamua kuachana, waachane kwa heshima. Wakiamua kuoana na kutawakal, wakijua wanachokiingia, tusiwageuze kuwa wahalifu kwa mtoto ambaye hata hajazaliwa. Na akizaliwa SS, tumpe hongera mama yake kama mzazi mwengine. Mwenzetu anasema katika wiki zile baada ya kupata majibu ya mwanawe alipewa pole na watu wote, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto anaitwa nani.

Juzi Alkhamisi biharusi wetu alipita. Hakuja kuchukua gauni. Alikaa kwenye mkeka, akaagiza tumshonee mtandio, akazungumza na mwenzetu kwa sauti ndogo karibu saa nzima, na sisi kwa mara ya kwanza tukawaacha bila kutega sikio. Alipoondoka alilifunua gauni, akaligusa shanga za kifuani, akalifunika tena.

Mwenzetu akatugeukia akauliza, na sisi je, damu zetu ni zipi? Tulitazamana. Watoto saba tumezaa kwa jumla sisi watatu, tumewasema wa watu miezi miwili mizima, na hakuna hata mmoja kati yetu anayeijua yake. Jumamosi tunafunga banda mapema, tunakwenda kupima wote. Yeye anatusindikiza.